Nukta, Mkato na Jina Baya: Pesa Zetu Ndani ya Excel

Leo hatuongelei vita wala makaratasi ya ukimbizi. Tunaongelea nukta. Ndiyo, ile nukta ndogo unayoweka katikati ya namba ukiandika pesa.

Msimamo wetu tuutoe mapema, ili anayetaka kubisha abishe vizuri. Anayetengeneza fomu ndiye anayepaswa kubeba mzigo wa fomati ya namba. Siyo mama wa likelemba aliyejifunza hesabu Uvira, siyo kijana wa Juba aliyeanza kushika kompyuta mwezi jana. Kama shirika linataka bajeti ije kwa Excel, basi liipange ile Excel mpaka isiweze kumdanganya mtu. Na sisi kwa upande wetu tujifunze namna mashine inavyosoma pesa, maana jina la kikundi likishachafuka hakuna mfadhili atakayekuja kulifua.

Tuanze na jinsi tulivyo. Kikundi kimoja cha akiba hapa Kampala kinaweza kuwa na watu wa nchi tano. Mkongo anakiita likelemba, Mnyarwanda ikimina, Msomali hagbad, Msudani sanduku, na aliyepitia Nairobi anasema chama. Kila mmoja amekuja na pesa ya kwao kichwani. Goma na Bukavu mtu analipa kodi ya nyumba kwa dola na ananunua nyanya kwa franka. Kwenye daftari anaandika 10.000 FC, nukta baada ya elfu, au anaacha nafasi tu: 10 000. Akitaka kuandika dola moja na nusu anaandika 1,5 $, mkato katikati na alama nyuma. Bujumbura ni karibu vile vile, ila wanamalizia na Fbu. Ndivyo Kifaransa kilivyotufundisha shuleni. Huku Uganda, kama Kenya na Tanzania, Mwingereza alifundisha kinyume chake kabisa: mkato unatenga maelfu, nukta inatenga desimali.

Yani alama mbili zile zile, kazi zimebadilishana. Ukiwa unaongea na mtu uso kwa uso hakuna shida. Ukimwonyesha muuza vitambaa wa Owino karatasi yenye 50.000 hawezi kufikiri unataka kumlipa shilingi hamsini. Anajua bei, anajua wewe ni mtu mzima, anacheka mnaendelea. Kompyuta haijui bei ya kitambaa. Inafuata kile ilichoambiwa na mpangilio wake wa eneo, basi.

Wala siyo sisi tulioanzisha huu ugomvi. Ule Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, ambao nchi za dunia zinakutana Ufaransa kupatana juu ya mita na kilo, uliliangalia jambo hili mwaka 1948. Ukasema tarakimu nyingi zitengwe tatu tatu kwa nafasi tupu, bila nukta na bila mkato. Mwaka 2003 ukarudia tena, na kuhusu desimali ukasema alama inaweza kuwa nukta au mkato, vyote sawa. Sasa kama wataalamu wa dunia nzima hawakuweza kuchagua moja, mnamlaumuje mweka hazina wa Nsambya?

Tuwaonyeshe jinsi inavyouma. Kuna kikundi cha ushonaji tunachokifahamu vizuri, wengi wao akina mama wa kutoka Kivu Kusini. Waliomba msaada mdogo kwa shirika moja, jina tunaliacha. Bajeti yao ilikuwa safi, waliiandika kwenye daftari kisha wakaituma kwa WhatsApp kama walivyoambiwa: vyerehani viwili 1.250.000, kodi ya chumba ya miezi mitatu 900.000, vitambaa na uzi 475.000, usafiri 60.000. Jumla 2.685.000. Chukua kalkuleta uhakikishe, iko sawa.

Kule ofisini mtu akanakili ule ujumbe akaubandika ndani ya Excel ya Kiingereza. Sasa fuatilieni, maana hapa ndo penyewe. Ile 1.250.000 ina nukta mbili. Mashine ikasema hii siyo namba ninayoijua, ikaiweka kama maandishi, kama vile umeandika jina la mtu. Lakini 900.000 ina nukta moja, na kwa Kiingereza hiyo ni mia tisa kamili na desimali tatu za sifuri. Ikawa 900. 475.000 ikawa 475. 60.000 ikawa 60. Halafu fomula ya SUM ikajumlisha. SUM ina tabia moja mbaya: ikikuta maandishi ndani ya safu haigombi, inaruka tu. Kwa hiyo vyerehani viwili vikarukwa, na jumla ikatoka 1,435. Ukiigeuza kuwa dola, tuseme kwa shilingi 3,700 kwa dola moja, kikundi kizima kilikuwa kinaomba senti 39 za dola.

Mtu angefikiri ofisi itaona kichekesho na kupiga simu. Haikupiga. Jibu lilikuja kwa Kiingereza kwamba hesabu hazilingani na jumla iliyoandikwa, warekebishe na kutuma tena. Wale mama wakakaa chini, wakajumlisha mara tatu, wakapata kile kile. Wakatuma tena vile vile, na nukta zao. Hesabu ikakataliwa tena. Wiki nne zikaenda hivyo, na mwenye chumba hakungoja wiki nne. Tena baya kuliko chumba ni maneno. Mtaani ikaanza kusemwa kwamba viongozi wameandika hesabu mbili, moja ya kwao na moja ya wazungu. Dada mmoja aliyekuwa mweka hazina akaacha kazi hiyo. Hakula hata shilingi, lakini alichoka kutazamwa.

Mkimbizi na namba wana historia nchini humu. Wengine wenu mlikuwa wadogo, lakini mwaka 2018 kulikuwa na tuhuma kwamba idadi ya wakimbizi Uganda imeongezwa, na maofisa wa serikali wakasimamishwa kazi. Serikali na UNHCR wakatuhesabu upya kwa alama za vidole na picha za macho, nchi nzima. Ilikuwa ikisemwa tuko kama milioni 1.4, na zoezi lilipokwisha mwezi wa kumi, waliohakikiwa walikuwa kama milioni 1.1. Hatukuandika sisi zile orodha. Lakini tangu hapo, kila karatasi ya namba inayotoka kwa mkimbizi inasomwa kwa jicho moja limefungwa. Ndo maana nukta kwetu siyo mambo ya urembo.

Sasa tuingie ndani ya kisanduku chenyewe. Jambo kubwa la kuelewa ni hili: ndani ya Excel kuna namba yenyewe, na kuna nguo iliyovaa. Fomati ni nguo. Ukiandika 2685000 bila alama yoyote, mashine inaishika kama namba. Baadaye ukiivalisha fomati, inaonekana 2,685,000 kwenye kompyuta ya Kampala. Faili lile lile ukilituma kwa rafiki wa Bujumbura mwenye kompyuta ya Kifaransa, yeye ataona 2 685 000. Namba haijabadilika, imebadilisha nguo mpakani. Hata fomula inatafsiriwa yenyewe: SUM yako yeye ataiona SOMME. Lakini ukiwa umeandika alama kwa mkono na mashine ikaishika kama maandishi, haiwezi kubadilisha kitu. Itafika Bujumbura kama ilivyo, imekufa.

Utaitambuaje iliyokufa? Angalia imelala upande gani. Kama hujagusa mpangilio wa kisanduku, namba inalala kulia na maandishi yanalala kushoto. Ukiona safu ya pesa ambayo nusu ya tarakimu zimeegemea kushoto, simama hapo hapo. Njia nyingine ni kutumia COUNT na COUNTA kwenye safu moja. COUNT inahesabu visanduku vyenye namba tu, COUNTA inahesabu kila kisanduku ambacho siyo kitupu. Kama una mistari minne na COUNT inakupa 3, kuna mmoja anajifanya namba.

Ile ya kwetu ya 1.250.000 inaponyeka. Chagua safu, tafuta nukta, badilisha na kitu kitupu. Excel tangu toleo la 2013 ina fomula pia inaitwa NUMBERVALUE, unaiambia desimali yangu ni mkato na maelfu yangu ni nukta, inakusomea. Lakini ile 900.000 iliyoshageuka 900 haina dawa. Nukta haipo tena ya kutafuta. Imelala kulia vizuri kama namba halali, haina alama nyekundu wala kijani. Hapo ni kurudi kwenye daftari tu. Kwa hiyo mnaobandika ujumbe wa WhatsApp maofisini, tunawaomba sana: kwanza uwekeni ile safu kwa fomati ya maandishi, ndipo mbandike, ndipo msafishe. Dakika tano hazizidi.

Kisha kuna kosa la upande wa Waingereza, maana hatuwaachi. Mtu wa Kampala anapenda kuandika 50,000/= na ile alama ya mwisho. Imetoka zamani, wakati wa pauni, shilingi na peni: mstari ulitenga shilingi na peni, na alama ya mbele ilimaanisha peni hakuna. Uganda ilianza kutumia shilingi yake mwaka 1966, peni zimesahaulika, lakini mkono bado unachora. Kwenye risiti inasaidia, mtu hawezi kuongeza tarakimu nyuma yake. Kwenye kisanduku cha Excel inaua namba. Vivyo hivyo USh ukiiandika kwa vidole, na FC, na ile 50k ya vijana wa siku hizi. Vyote vinageuka maandishi, na SUM inavipita kama basi lililojaa.

Sisi tunafanya hivi. Jina la pesa linaandikwa mara moja, juu, kwenye kichwa cha safu: Kiasi UGX. Chini yake ni namba tupu. Anayetaka kuona jina kwenye kila mstari, bonyeza Ctrl na 1 kwa pamoja, dirisha la fomati litafunguka, chagua fomati ya kujitengenezea na uandike "UGX" #,##0 halafu basi. Ile alama ya reli ni nafasi ya tarakimu, mkato unatenga maelfu, na sifuri ya mwisho inahakikisha hata sifuri inaonekana. Hakuna desimali, kwa sababu shilingi ya Uganda haina senti mkononi mwa mtu. Hata kwenye orodha ya kimataifa ya majina ya sarafu, UGX imeandikwa kuwa na desimali sifuri, sawa na faranga ya Rwanda na ya Burundi. Mtu akikuletea fomu inayoonyesha 900,000.00 UGX jua tu waliinakili kutoka fomu ya dola. Zile sifuri mbili zinajaza ukurasa na kumchanganya mzee anayesoma kwa miwani.

Tumechagua UGX badala ya USh kwa sababu moja. Shilingi ziko nne kanda hii: ya Uganda, ya Kenya, ya Tanzania na ya Somalia. Hapa kwetu siyo ajabu mjumbe mmoja kupokea pesa kutoka Nairobi na mwingine kutoka Mogadishu, mahali ambapo watu wanalipana dola kwa simu hata kwa vitu vidogo vya dukani. Ukiandika "shilingi" peke yake, kila mtu atasoma ya kwao.

Na dola. Hapa kuna kitu tumekiona mara nyingi hata kwa watu wenye digrii. Mtu ana safu ya shilingi, anaambiwa aitume kwa dola, anabonyeza kile kitufe chenye alama ya dola. Namba 2,685,000 inatokea kama $2,685,000.00. Kitufe kile hakibadilishi pesa, kinabadilisha nguo. Jamani, hata kwenye maduka ya kubadilisha fedha katikati ya jiji, hakuna anayepokea noti ya shilingi akaichora alama ya dola akakurudishia. Tena ile alama inayokuja yenyewe inaweza kufuata mpangilio wa kompyuta, faili likienda nchi nyingine ikageuka alama ya yuro bila mtu kugusa kitu. Kugeuza pesa kunataka kisanduku cha bei ya siku hiyo, kimoja tu, kimeandikwa tarehe pembeni na mahali bei ilipotoka, na safu ya pili inagawanya kwa kisanduku hicho. Mkaguzi akija baada ya miezi sita, shilingi ikiwa imepanda au imeshuka, jibu liko pale pale.

Hata mkigeuza vizuri, bado kuna mtego, na huu ndio unaoleta ugomvi mkutanoni. Chukueni bajeti ile ile ya wale mama na mgawanye kwa 3,700. Vyerehani ni dola 337.84, kodi 243.24, vitambaa 128.38, usafiri 16.22. Jumla 725.68. Sasa afisa anataka fomu nzuri isiyo na desimali, anaziondoa kwa fomati. Karatasi inasoma 338, 243, 128, 16, na chini jumla 726. Mzee mmoja mkutanoni anatoa simu yake, anajumlisha zile nne, anapata 725. Anauliza: dola moja imeenda wapi? Na ana haki ya kuuliza. Hakuna mtu aliyechukua kitu, mashine imejumlisha senti zilizofichwa chini ya nguo. Lakini hebu jaribu kueleza hivyo kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kisomali kwa wakati mmoja, mbele ya watu waliochanga.

Dawa ni mbili, uchague moja. Ama onyesha desimali mbili za dola kila mahali, ama tumia ROUND kwenye kila mstari ili mashine yenyewe ishike 338 kamili, na jumla itoke 725. Sisi tunapendelea ya kwanza kwa dola. Kwa shilingi tunakwenda mbali zaidi. Tukigawana laki moja watu watatu, mashine inasema 33,333.33. Nani ana sarafu ya hiyo? Tunaandika 33,300 kila mtu, na mia inayobaki inaingia kwenye mfuko na mstari wake mwenyewe. Watu wanaamini kile wanachoweza kuhesabu kwa mkono.

Mtego kama huo uko kwenye asilimia. Serikali ilipoanza kutoza kodi kwenye mobile money mwaka 2018 ilianza na asilimia 1, watu wakapiga kelele, mwaka huo huo ikashushwa mpaka asilimia 0.5 kwa anayetoa pesa. Weka 0.5% kwenye kisanduku kisichoonyesha desimali, kitakuonyesha 1%. Kwa shilingi 2,685,000 kodi ya kweli ni 13,425, lakini msomaji anaona asilimia 1 na kichwani anapata 26,850. Tayari kuna swali. Kila mkiona asilimia ndogo, ongezeni desimali moja.

Mengine tutayapita haraka. Namba ya simu siyo namba, ni jina. Ukiiandika kama namba, sifuri ya mbele inatoweka. Ukianza na 256 tarakimu zinakuwa kumi na mbili na Excel inaweza kukuonyesha 2.56E+11. Wekeni safu kwa fomati ya maandishi kabla ya kuandika, la sivyo posho ya watu thelathini inakwama. Pesa iliyo ndani ya mabano, kama (50,000), kwa wahasibu ni ya kutoa, siyo maelezo; ukiandika hivyo Excel inaishika kuwa hasi elfu hamsini. Alama za reli nyingi zikijaza kisanduku maana yake safu ni nyembamba, hakuna kilichopotea, ivute tu. Na tarehe 3/4 ni ugomvi wa siku nyingine, ingawa tuseme tu kwamba hata wanasayansi umewashinda: mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ilibadilisha majina ya baadhi ya jeni kwa sababu Excel ilikuwa inazigeuza tarehe. Wao wamebadilisha majina ya jeni. Sisi tunaambiwa tubadilishe daftari.

Tunajua watakaotujibu. Watasema: mko Uganda, andikeni kama Uganda, mkato kwa maelfu, mambo yaishe. Kuna ukweli ndani yake, na vijana wetu tunawaambia hivyo hivyo. Lakini mtu wa miaka hamsini aliyeandika nukta tangu darasa la pili hataacha kwa sababu ya semina ya asubuhi moja. Wazazi wetu wamebadilishiwa pesa mara ngapi? Zaire iligeuka zaire mpya mwaka 1993, milioni tatu kwa moja. Mwaka 1998 ikaja franka ya sasa, laki moja ya zaire mpya kwa franka moja. Waganda nao mwaka 1987 waliondolewa sifuri mbili. Watu hawa wanajua namba zinaweza kuliwa usiku mmoja, na wanashikilia maandishi yao wanayoyaelewa. Daftari libaki lao. Fomu ndiyo ijifunze kuwasoma.

Tena siyo kazi ngumu. Kwenye Excel unaweza kuamuru safu ipokee namba tu, na anayeandika 900.000/= inamkatalia papo hapo na ujumbe kwa Kiswahili: andika tarakimu tupu, mfano 900000. Ile 900.000 peke yake itapita kama 900, kwa hiyo ongezeni sharti la kiwango cha chini, tuseme hakuna mstari wa bajeti chini ya shilingi 1,000, nayo itakamatwa. Google Sheets ina faida nyingine kwetu sisi wa simu: mpangilio wa eneo unakaa kwenye faili lenyewe, siyo kwenye kifaa. Ukishauweka nchi inayoandika kama Kampala, mfano Uingereza, wote mnaona kitu kimoja, awe na simu ya Kifaransa au ya Kiarabu. Alama ya pauni ikijitokeza msishtuke, iondoeni kwa fomati.

Na mafunzo. Kila mwaka vijana wanapewa vyeti vya kompyuta, na kweli wanajua kuandika barua ya kuomba kazi na kupaka rangi kichwa cha habari. Ukiwauliza kwa nini SUM imetoa sifuri, kimya. Wakufunzi wetu, ondoeni somo moja la rangi, wekeni somo moja la pesa: leteni daftari la kweli la likelemba, nukta zake zote, mliingize pamoja kwenye mashine mpaka jumla ikubaliane na pesa iliyo ndani ya sanduku. Kijana akiweza hilo, kuna kazi inayomngoja katika kila kikundi cha mtaa wake.

Wale mama wa ushonaji waliandika bajeti ya tatu kwa tarakimu tupu, kijana mmoja wetu akiwa amekaa nao, na safari hii ilipita. Chumba walipata kingine, mbali zaidi na barabara, wateja wachache. Yule mweka hazina hajarudi kwenye kazi yake ya kuweka hesabu, anashona tu.

Kwa hiyo ninyi wakubwa wa maofisi mnaotusoma hapa, tunawaomba vitu vitatu kabla ya mzunguko ujao wa maombi. Fomu ije na safu ya UGX mbele na ya dola nyuma, bei na tarehe vikiwa vimewekwa na ninyi. Afisa asiandike kwamba hesabu hazilingani kabla hajaomba picha ya daftari na kupiga simu moja. Na kama fomu mpya tayari inatengenezwa, tunaomba tuione ikiwa bado haijafungwa. Tutakuja na madaftari matano ya nchi tano, tuyaingize mbele yenu, tuone jumla inatoka ngapi.